Ramani haisomeki, maana kila kitu siku hizi ni ramani

Siku hizi ukitaka kuonekana umejipanga, sema una ramani. Kocha ana ramani ya ubingwa, mkurugenzi ana ramani ya kampuni ya miaka mitano, mshauri wa ndoa ana ramani ya furaha, kijana aliyefungua biashara juzi tu tayari ana ramani ya utajiri na anaiuza, na ukimwambia hebu nione hiyo ramani anakupa kurasa mbili za maneno matamu, hakuna kipimo, hakuna tarehe, hakuna jina la wa kumuuliza mambo yakienda kombo. Sina shida na watu kuazima maneno, lugha ndo inavyokua hivyo, ila hapa naona tumebeba jina tukaacha mzigo wake. Ramani yenyewe, ile inayofunguliwa saiti juu ya tofali huku fundi kashika tepu, ni kitu kikali sana. Ni maagizo, na yana mwenyewe.

Mtaani walau wanalitumia kwa akili. Mtu akisema "ramani haisomeki" unajua mambo yamegoma, hela haionekani itatokea wapi, kila ukipiga hesabu haikai. Na wezi wakisemwa "walichora ramani" maana yake walijua mlinzi anapokezana zamu saa ngapi, geti lipi lina kufuli bovu, nani anatangulia na nani anabaki nje. Yani kusema ukweli wezi wanaliheshimu hili neno kuliko wakurugenzi, maana kwao ramani bila saa na bila majina ni kwenda kukamatwa.

Na ukifuata asili yake unakuta hata zamani lilikuwa hivyo hivyo. Neno limetoka Kiajemi, rahnama, kionyesha njia, mabaharia wa Kiarabu wakalitamka rahmani, na hizo rahmani za manahodha wa Bahari ya Hindi zilikuwa vitabu vya maelekezo: ukitoka bandari hii elekea nyota ile, ikifika kimo fulani juu ya upeo geuza, hapa kuna mwamba, msimu fulani usithubutu kutweka tanga. Ahmad ibn Majid, nahodha wa karne ya 15, alizisoma za waliomtangulia na hakuona aibu kuzikosoa. Kwa hiyo kabla ramani haijawa picha ya dunia ya kubandika ukutani, na kabla haijawa vyumba vitatu na sebule, ilikuwa maagizo ya mtu kwa mtu, fanya hivi ukifika hapa, na ukiyakosea unazama. Picha imekuja baadaye.

Hii naisisitiza kwa sababu kosa kubwa la watu wengi kwenye ramani ya nyumba ni kuiona kama picha ya nyumba. Chukua mchoro ule wa kawaida kabisa, unaoonyesha vyumba kama umesimama juu angani. Umesimama juu? Basi ungeona bati. Ule mchoro ni nyumba iliyokatwa kwa mlalo, kama mita moja na kidogo hivi kutoka sakafuni, kipande cha juu kikaondolewa kichwani mwa mchoraji, halafu ukaangalia chini kilichobaki. Ndo maana madirisha yanaonekana ndani ya kuta, kisu kimepita katikati yao. Ndo maana kidirisha cha choo kilichopandishwa juu juu kinachorwa kwa mistari ya vipande vipande, kisu hakikukigusa, na boriti inayopita juu ya sebule nayo ni vipande vipande. Mstari mnene ni ukuta uliokatwa, mwembamba ni kitu kilicho chini ya kisu, kama sinki, kingo za kibaraza, ngazi za kupandia. Ngazi ndo utamu wenyewe, zinapanda zinafika kwenye mstari wa mshazari zinakatika ghafla, mteja anauliza mbona ngazi haijaisha, haijaisha kwa sababu kisu kimeikata.

Sasa huo mmoja peke yake haujengi kitu. Unahitaji wa mkato wa wima kujua sakafu na dari ziko wapi, wa mwonekano wa nje kwa kila upande, wa msingi, wa paa, wa nguzo na nondo zake, wa maji safi na maji taka, wa umeme, na vile vidogo vya kina vinavyoonyesha jinsi paa linavyokutana na ukuta ili mvua isiingie. Nyumba ya kawaida tu inaweza kuwa na karatasi kibao. Ndo maana nacheka kidogo mtu akiniambia ramani anayo, halafu anafungua simu ananionyesha ukurasa mmoja wenye kochi la rangi ya machungwa limechorwa sebuleni. Kochi lipo, unene wa msingi haupo.

Halafu kuna skeli, na hapa ndo watu wanaumia kimya kimya. 1:100 maana yake sentimita moja ya karatasi ni mita moja ya saiti, hiyo wengi wanaijua. Lakini ukuta wa milimita 150 kwenye skeli hiyo ni milimita moja na nusu ya karatasi, ukiweka rula pale ukateleza nusu milimita tu, saiti umeteleza sentimita tano, na sentimita tano ni mlango usiofunguka vizuri. Kwa hiyo michoro mingi inaandikwa kabisa usipime kwa rula, fuata namba zilizoandikwa. Na sio ushauri, ni agizo, namba ndo inayotawala na mstari ni msindikizaji tu. Ongeza na balaa la kuprinti: mchoro uliotengenezwa kwa karatasi ya A1 ukiutoa kwa A3 ili ubebeke, kila urefu umepungua nusu, ile 1:100 imeshakuwa 1:200, na pale pembeni bado pameandikwa 1:100 kwa herufi nzuri tu. Karatasi inasema uongo na haijui. Ndo maana wachoraji makini wanaweka kile kirula kidogo chini ya mchoro, kinachopungua na kukua pamoja nao, maana chenyewe hakidanganyi hata ukikiprinti kwenye leso.

Kona ya chini kulia kuna kibox watu wengi hawakiangalii kabisa, na kwangu mimi hicho ndo ramani yenyewe kuliko hata vyumba. Jina la mradi, namba ya mchoro, skeli, tarehe, nani kachora, nani kakagua, na toleo. Toleo A, toleo B, toleo C, na kila lilipobadilika kitu panazungushiwa kama kawingu ili jicho liende hapo. Mtu wa nje anaona urasimu. Mtu aliyewahi kuona saiti mafundi wawili wanabishana ukuta uende wapi, kumbe mmoja kashika toleo la mwezi uliopita, anajua hicho kibox kinabeba pesa ngapi.

Wazungu wao wana neno bluprinti, chapa ya buluu, na wenyewe wamelitumia mpaka limechakaa, kila mpango kwao ni bluprinti ingawa hakuna tena anayeprinti kwa buluu. Ila hadithi ya hiyo buluu inafundisha kitu. Mwaka 1842 mwanasayansi Mwingereza John Herschel aligundua njia ya kupiga chapa kwa chumvi za chuma na jua. Mchoro unachorwa kwa wino kwenye karatasi inayopitisha mwanga, unalazwa juu ya karatasi nyingine iliyopakwa dawa, unaanikwa juani. Palipopigwa na mwanga panageuka buluu iliyokolea, palipofunikwa na wino hapageuki, ukisuuza kwa maji dawa ambayo haikupata mwanga inatoka na mistari inabaki myeupe juu ya buluu. Baadaye maofisi ya wasanifu na viwanda wakaidaka, na sababu haikuwa uzuri wa rangi. Kabla ya hapo ukitaka nakala lazima mtu akae achore upya kwa mkono, mstari kwa mstari, na mtu akichora upya anakosea, anasahau, anaongeza lake. Chapa ya buluu ilimaliza hiyo biashara, aliyeko ofisini na aliyeko saiti na mwenye hela yake wote wameshika mistari ile ile. Na ukitaka kuchezea nakala kwa penseli haionekani vizuri kwenye ile buluu, kwa hiyo kubadilisha kienyeji kukawa kugumu. Karatasi ile ilikuwa inalowa inakauka inajikunja kidogo, vipimo vya rula vinahama, ndo sababu nyingine ya ule usemi wa kufuata namba. Katikati ya karne ya 20 ikaja njia ya kutumia amonia, mistari myeusi au ya buluu kwenye karatasi nyeupe, vyumba vya kuprintia vikinuka mpaka macho yanatoa machozi, halafu zikaja kompyuta na printa kubwa. Rangi ikaondoka, kazi ya ramani ikabaki pale pale: watu wengi, maagizo mamoja.

Sasa tuje kwenye picha nzuri, maana hapa ndo pesa za watu zinapotea. Siku hizi kuna hizi picha za 3D, nyumba inawaka taa za njano, bustani imenyeshewa, gari jeusi limepaki, mteja akiiona tu anasema ndo hiyo hiyo nijengee. Picha ni nzuri kwa kuuzia na nzuri kwa kuelewana, sibishi. Lakini picha haisemi nguzo ina nondo ngapi. Mfano mkubwa kuliko yote upo Sydney, Australia. Mwaka 1957 Mdenmark Jørn Utzon alishinda shindano la kubuni jumba la opera pale bandarini, michoro yake ilikuwa ya kuvutia ajabu, yale makombe meupe ya paa kama matanga, lakini hayo makombe hayakuwa na hesabu bado, hakuna aliyejua umbo lake kamili wala yatasimamaje. Serikali ikataka kazi ianze kabla upepo wa siasa haujageuka, wakaanza kujenga 1959 bila kujua paa litakuwa na uzito gani. Matokeo yake nguzo za jukwaa la chini ikabidi zivunjwe zijengwe upya kwa sababu zisingebeba paa. Umbo lilipatikana baadaye, miaka ya mwanzo ya sitini, walipokubaliana makombe yote yakatwe kutoka kwenye tufe moja ili vipande viweze kutengenezwa kwa kurudiarudia. Utzon mwenyewe aliondoka 1966 kwa ugomvi, jengo likafunguliwa 1973, gharama zikiwa zimepanda kutoka makadirio ya dola za Australia milioni 7 mpaka milioni 102. Leo kila mtu analipenda, na watu wanautumia huo mwisho mzuri kutetea kuanza bila ramani. Mimi naona ni kinyume chake, walikuwa na serikali nzima ya kulipia kosa. Wewe na mimi nguzo zikivunjwa ndo imetoka hiyo.

Sydney ilikuwa hasara ya hela. Kuna nyingine ilikuwa roho za watu, na hii kila anayechukulia ramani kama karatasi ya kupitisha pitisha tu anatakiwa aijue. Hoteli ya Hyatt Regency, Kansas City, Marekani. Ndani ya ukumbi wake mkubwa kulikuwa na madaraja ya kupita watu yaliyoning'inia kwa vyuma kutoka darini, la ghorofa ya nne na chini yake kabisa la ghorofa ya pili. Mchoro wa awali ulionyesha chuma kimoja kirefu kutoka darini, kinapita kwenye daraja la juu na kuendelea mpaka la chini, kila daraja limekaa juu ya nati yake. Waliokuwa wanatengeneza vyuma wakaona hii shida, hiyo nati ya juu ili ifike mahali pake lazima chuma kitiwe hesi, ile mifereji ya kuzungushia nati, urefu wote huo kuanzia chini, kazi ngumu na hesi zingeharibika. Wakapendekeza vyuma viwili, kimoja kutoka darini mpaka daraja la juu, kingine kutoka daraja la juu mpaka la chini. Kwenye karatasi ni tofauti ndogo, unaweza kupitisha jicho usione kitu. Lakini fikiria watu wawili wameshika kamba moja, kila mmoja kwa mikono yake, halafu badala yake wa chini aache kamba ashike miguu ya wa juu. Kamba inabeba uzito ule ule, ila mikono ya yule wa juu sasa inabeba watu wawili. Ndo ilivyokuwa, nati ya daraja la juu ikabeba madaraja mawili. Na hata mchoro wa awali wenyewe haukufika kiwango kilichotakiwa na sheria za ujenzi za mji ule, kwa hiyo mabadiliko yalikuta udhaifu yakauzidisha. Michoro iliyobadilishwa ilipita ofisi ya mainjinia, ikapigwa muhuri. Tarehe 17 Julai 1981 ukumbi umejaa watu wanacheza dansi, madaraja yakaanguka, watu 114 wakafa na zaidi ya 200 wakaumia. Mainjinia waliohusika walinyang'anywa leseni.

Katika hadithi hii yote kinachonikaa kichwani ni muhuri. Ulikuwepo. Uchunguzi uliweza kurudi nyuma ukasema mchoro huu, badiliko hili, ofisi hii, kwa sababu ramani ya kweli inaacha nyayo. Muhuri haukuwazuia kukosea, ila ulifanya kosa liwe na mwenyewe, na nyumba zote zilizojengwa baadaye zimefaidika na hilo. Jaribu kufanya hivyo na ile "ramani ya mafanikio" ya kampuni. Imefeli, sawa, imefeli kifungu gani? Nani alikikagua? Ni toleo la ngapi? Utaambiwa mazingira yalibadilika.

Kuna matumizi mengine ya neno hili ambayo yanaonekana ya kisayansi kabisa na bado yananikera, nayo ni ile "DNA ni ramani ya mwili". Imo kwenye vitabu, imo kwenye vipindi vya redio, na kila mtu anaimeza. Ila jiulize, kwenye ramani ya nyumba unaweza kuweka kidole kwenye mlango wa jikoni, ukaenda saiti ukaugusa mlango huo huo. Na unaweza kufanya kinyume, ramani imepotea, unachukua tepu unaizunguka nyumba unaichora upya. Kwenye DNA huwezi kuweka kidole ukasema hapa ndo pua, na huwezi kupima mwili wa mtu kwa tepu ukaandika DNA yake. Hakuna kipande kinachosimama badala ya pua, kuna maelfu ya vinasaba vinavyowaka na kuzimika kwa zamu, vikijibu kinachoendelea kwenye seli na jirani zake. Mapacha wa kufanana kabisa wana DNA karibu moja lakini alama za vidole zao hazilingani. Nyumba mbili za ramani moja zikitofautiana hivyo, mteja anampeleka kontrakta mahakamani. Ubaya wa kuita kitu kile ramani ni kwamba mtu anaanza kuamini kila kitu kimeshachorwa, tabia imechorwa, ugonjwa umechorwa, hakuna la kufanya. Neno limebeba ahadi ambayo kitu chenyewe hakikuitoa.

Na kuhusu hizi ramani za kudownload bure, vyumba vitatu masta bedirumu moja, sizipingi moja kwa moja, zinamsaidia mtu kujua anataka nini. Kinachotisha ni kuichukua kama ilivyo ukaipandikiza popote. Aliyeichora hakuuona udongo wako, hajui kiwanja kina mteremko wa kwenda wapi, jua la jioni linapiga upande gani, maji ya mvua ya jirani yanapita wapi. Dirisha kubwa la sebule lililokaa vizuri kwake kwako linaangalia magharibi na saa kumi hapakaliki. Msingi uliotosha kwenye mchanga mgumu kwenye udongo wa mfinyanzi unaotanuka na kusinyaa unapasuka. Na kona ya chini kulia, kwenye kile kibox, sehemu ya aliyekagua iko tupu. Msanifu wa karibu anaweza kukurekebishia, na injinia akakutolea michoro ya nguzo, hapo unayo ramani.

La mwisho ni lile ambalo hata watu wa kazi hii wanalikimbia. Hakuna nyumba inayojengwa sawasawa na mchoro. Bomba lilikuta mwamba likazungushwa, mlango ulisogezwa kwa sababu mama mwenye nyumba alikuja saiti akasema hapana, waya wa jiko ulipitishwa ukuta mwingine. Kwa utaratibu, mabadiliko yote haya yanawekwa alama kwa kalamu nyekundu kadiri kazi inavyoenda, na mwisho inatolewa seti nyingine, michoro ya kilichojengwa kweli, anakabidhiwa mwenye nyumba pamoja na funguo. Hiyo seti ndo inayookoa watu miaka mingi baadaye, siku unataka kutundika kabati na hujui bomba limepita wapi. Kwenye kazi nyingi ndogo haitolewi, hela imeisha, fundi ameshahamia saiti nyingine, na kila mtu amechoka na mwenzake. Kama unajenga na unajua kabisa hutaipata, basi kabla ya plasta pita chumba kwa chumba upige picha kuta zote zikiwa na mabomba na paipu za umeme wazi, kunjua tepu kutoka konani ionekane ndani ya picha, na andika kwenye kila picha ni chumba gani na ukuta wa upande upi, maana baada ya miezi sita kuta zote kwenye simu zinafanana.